Nimekuja Kusahihisha Ushuhuda Wangu

(Ushuhuda wa mzee wa kanisa kutoka Kigoma, uliotolewa jioni ya pili ya maadhimisho. Tumeuandika kama ulivyosemwa, marudio tu ndiyo yamepunguzwa.)

 

Wapendwa wa Burundi, wapendwa wa Congo, wapendwa wa Zambia, na ninyi wenyeji wa hapa nyumbani, naomba mniruhusu niseme nikiwa nimekaa. Mchungaji ameniletea kiti hiki, na mimi safari hii sina kiburi cha kukikataa.

Wengi wenu mnanikumbuka. Desemba 2023, katika mkutano wetu kama huu, nilisimama mbele yenu nikiwa na karatasi ya hospitali mkononi. Nikaiinua juu, nikasema Bwana ameniponya saratani, nanyi mkapiga vigelegele. Kuna mama wa Uvira alivua kitenge chake akakitandaza chini nipite juu yake. Sasa nimekuja kusahihisha ushuhuda ule. Sikuwa nimepona. Na hata leo sijapona. Mungu ni mwema, na sijapona. Naomba mnivumilie, nianze mbali kidogo, ziwani, maana mambo yote haya yalitokea ndani ya mtumbwi.

Mwezi Mei mwaka 2015, ndugu zetu wa Burundi walifika Kagunga kwa maelfu. Kagunga mnaijua, ni kijiji chembamba kati ya mlima na maji, pale mpakani. Barabara ya gari haikuwapo, kwa hiyo meli ya Liemba ndiyo iliyokuwa ikiwabeba kuwaleta Kigoma mjini, wakapokelewa uwanja wa mpira, kisha wakapelekwa Nyarugusu. Katika watu wale alikuwamo ndugu mmoja wa Rumonge, mvuvi, mwimbaji wa kwaya. Alilala kwangu siku tatu. Siku ya pili aliomba nimpeleke ufukweni tu, aone maji. Akakaa juu ya mchanga, akaniambia, "Mzee, ziwa ni lile lile, lakini leo naliogopa, maana mara hii limenibeba nikikimbia."

Aliporudi kwao mwaka uliofuata, alituma salamu: mwezi wa tisa nakuja, tuvue pamoja kama watu, si kama wakimbizi. Ndivyo safari yetu ilivyoanza, mwaka 2016. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na shemeji yangu. Mwaka wa pili akaongezeka mwinjilisti wa Uvira, aliyepita Bujumbura, Rumonge, akaingilia Manyovu. Baadaye wakaja wana wetu, halafu wajukuu. Wake zetu walikuwa wanabaki ufukweni, maana wavuvi wetu wana miiko yao kuhusu wanawake na mtumbwi. Mtaona mwiko huo uliishia wapi.

Ambao hamvui, niwaeleze kidogo. Dagaa huvuliwa usiku, siku za giza. Mbalamwezi ikiwapo, taa haina kazi, kwa sababu dagaa hufuata mwanga, na mwezi ukishawamulikia wote hawana sababu ya kuja kwako. Kwa hiyo tunahesabu mwezi kabla ya kuhesabu nauli. Mitumbwi miwili huunganishwa kwa miti, wavu unashushwa katikati, taa zinawashwa, zamani karabai, siku hizi za sola na betri. Halafu mnasubiri. Nyuma ya dagaa wanakuja migebuka kuwala, nasi wageni ndio tunashusha mishipi yetu pembeni. Na hapo ndipo ugomvi wa kila mwaka unapoanza. Sisi tunasema mgebuka, ndugu wa Rumonge anasema ni mukeke, Mzambia akiwapo anasema bukabuka. Samaki mwenyewe yuko chini huko hajui kwamba ana pasi tatu za kusafiria.

Alfajiri tunarudi Kibirizi. Akina mama wamekwisha kuwasha makaa. Migebuka inachomwa, ugali wa muhogo, pilipili na mawese, tunakula kwa mikono, tunaimba. Tulikuwa na sheria moja tu: cheo kinabaki nchi kavu. Mtumboni hakuna mchungaji, hakuna mzee wa kanisa, hakuna mhazini. Nahodha ndiye mkubwa, hata kama ni kijana wa miaka ishirini na mitano.

Sasa. Safari ya mwaka 2021, shemeji yangu aliniona. Wanaume mnajua, mtumboni hakuna choo, mtu husimama pembeni akageuka kando. Mimi usiku ule nilisimama, nikasimama, nikasimama. Nikikaa, baada ya muda kidogo nasimama tena. Kulipokucha shemeji akanivuta pembeni, akaniambia polepole, "Shemeji, umesimama mara saba, na kila mara umekawia. Nenda kapime." Nikamwambia ni baridi ya ziwa. Mwaka 2022 akahesabu tena, akaniambia zimekuwa kumi na moja. Nikamwambia ni uzee. Jamani, mwanamume ana majibu! Mwaka mzima ulipita kati ya saba na kumi na moja, na ule mwaka ndio ninaoujutia.

Nilipokwenda, ilikuwa ni kwa sababu ya damu. Nikapimwa hapa, nikapelekwa Mwanza, wakachukua kinyama, jibu likaja: saratani ya tezi dume, na imekwisha kutoka mahali pake. Daktari alinieleza vizuri. Alisema kuna sindano ya kila miezi mitatu. Haiiondoi saratani, inaizuia, kwa kuinyima ile homoni ya kiume inayoilisha. Alisema, "Mzee, ukiona unapata nafuu, usije ukaacha." Nilisikia. Nikaitikia kwa kichwa.

Nikaanza sindano mwanzoni mwa 2023. Mwili ukabadilika: joto linapanda ghafla mpaka natota jasho kanisani, nguvu zikapungua. Lakini maumivu yakaondoka. Na ile namba ya damu wanayoiita PSA, iliyokuwa mamia, ikashuka hadi chini ya mbili. Nikaishika ile karatasi, nikalia.

Basi, wakati ule alikuwa amekuja mtumishi mmoja kutoka mbali. Sitamtaja, wala sikuja kumshtaki. Aliniombea, akaiona karatasi, akaniambia, "Umepona. Sasa usirudi Misri." Akimaanisha hospitali. Mimi nilipenda neno lile, wapendwa. Nililipenda kwa sababu sindano ile ilikuwa inanivua uanaume wangu kidogo kidogo, na hapa nimepewa mlango wa kutokea, tena mlango wa kiroho. Namba ilishuka kwa sababu ya sindano, nami nikaifanya iwe sababu ya kuacha sindano. Nikaja hapa mbele, nikainua karatasi. Mnakumbuka.

Ile ya Desemba sikudanganya, niliamini. Uongo ulianza baadaye. Mwezi wa sita mwaka 2024 mgongo ulianza kuuma, chini hapa, usiku. Nikajua. Mtu hujua. Lakini ningesemaje? Ushuhuda wangu ulikuwa umesambaa kwenye simu mpaka Kalemie. Watu walikuwa wananipigia niwaombee wagonjwa wao, nikisema ukweli je, imani yao itakwenda wapi? Nikanyamaza. Nikamwambia na mke wangu anyamaze. Mama alikuwa ananikanda mgongo usiku kwa maji ya moto, asubuhi anakwenda kanisani, wanamwambia, "Hongera mama, mume wako ni muujiza," naye anasema amina. Mama, uko pale mstari wa tatu. Nilikubebesha mzigo usio wako. Nakuomba msamaha mbele ya watu hawa, kwa sababu mbele ya watu hawa ndipo nilipokufunga mdomo.

Mwaka ule ziwa lilifungwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wapumzike wazaliane. Lilipofunguliwa, kila mtu alikuwa na hamu. Giza la mwanzo wa Septemba tukaondoka. Mke wangu alisema usiende. Nikasema nisipokwenda watauliza.

Kulikuwa na wimbi. Si kubwa, lakini mtumbwi ulikuwa unapiga chini, pu, pu, na kila pigo lilikuwa linaingia uti wa mgongo kama msumari. Kama saa saba usiku, taa zimekwisha kukusanya dagaa, wavu uko chini, nahodha ananyanyua mkono vijana wavute. Nikapiga kelele. Sikumwita Yesu, nisiwadanganye tena, nilimwita mama yangu, aliyekufa mwaka 1988. Miguu ikawa haina nguvu. Nahodha akanitazama mara moja tu, akaamuru taa zizimwe na wavu upandishwe kama ulivyo. Vijana wale wanalipwa kwa walichovua. Walikuwa wamekaa miezi mitatu bila kazi, na usiku ule walirudi karibu mikono mitupu, mafuta yamekwisha, kwa sababu ya mzee aliyeona aibu kusema anaumwa. Hakuna hata mmoja aliyenitukana. Kijana mmoja alivua koti lake akaniwekea chini ya kichwa.

Tukafika ufukweni kabla ya wakati. Makaa hayajawashwa. Nikalala juu ya mchanga, nikawaambia yote: sindano tatu nilizoziruka, maumivu, kila kitu. Nilitegemea washangae. Ndugu yangu wa Rumonge akasema, "Mzee, tulijua. Tangu mwezi wa saba tulijua, sauti yako kwenye simu ilibadilika. Tulikuwa tunakungoja utuambie."

Wakangoja mimi, nami nawaogopa wao. Miezi mitatu!

Mwinjilisti wa Uvira hakuhubiri. Alifungua tu Yohana 21, akatusomea kwa mwanga wa simu. Sura ile ni ya wavuvi, mnaijua. Petro anasema anakwenda kuvua, wenzake wanafuatana naye, usiku kucha hawapati kitu, asubuhi Bwana yuko ufukweni na makaa na samaki na mkate. Sisi wahubiri huwa tunasimama kwenye wale samaki 153, tukahubiri mafanikio, tukafunga Biblia. Yeye aliendelea mpaka mstari wa 18. Pale Bwana anamwambia Petro kwamba ujanani alikuwa akijivika mwenyewe na kwenda atakako, lakini atakapozeeka atanyosha mikono, na mtu mwingine ndiye atakayemvika na kumpeleka asikotaka kwenda.

Nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi. Mstari ule sikuwahi kuona kwamba uko ufukwe ule ule, asubuhi ile ile, makaa bado yana moto. Kwetu mshipi ni uzi wa kuvulia, na mshipi pia ni mkanda wa kiunoni. Maisha yangu yote nilishika mshipi wa kuvulia. Asubuhi ile nilikubali kufungwa ule mwingine. Wakanibeba mikononi mpaka garini.

Nilirudi hospitali. Niliogopa daktari atanigombeza. Hakunigombeza. Alisema, "Karibu tena mzee, tuendelee." Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Nikapigwa mionzi ili kupunguza maumivu, sindano zikarudi, na vidonge vikaongezwa. Leo natembea na fimbo. Dawa hizi hazitaniponya, zinanipa muda. Mungu akitaka kuniponya kabisa, leo hii, juu ya kiti hiki, mimi niko tayari na ninamwomba kila siku. Sijaacha kuamini uponyaji. Nimeona kwa macho yangu watu waliopona, wengine mko humu ndani. Ila nimejifunza mambo matatu, niyaseme nimalize.

La kwanza, tusiwe na haraka na ushuhuda. Mtu akisema amepona, tumshukuru Mungu, na tumwambie aendelee na dawa mpaka aliyempima aseme basi. Bwana Yesu mwenyewe aliwaponya wakoma akawatuma kwa makuhani wakaonekane. Na mtu akirudi akasema ugonjwa umerudi, asione mlango umefungwa. Mimi niliogopa kuwaangusha ninyi kuliko nilivyoogopa kufa. Hilo si jambo zuri kwa ushirika.

La pili, hospitali si Misri. Hezekia aliomba akilia, Mungu akamwongezea miaka 15, na bado Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe kwenye jipu. Someni 2 Wafalme 20. Paulo, ambaye leso zake ziliponya watu, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, na Timotheo akamshauri jambo la kufanya kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia yeyote kati yao kwamba hana imani.

Na wanaume, nisikilizeni. Ukiamka usiku mara nyingi, mkojo ukawa mwembamba au unakatika, ukiona damu, usiseme ni baridi. Huenda ni tezi kukua tu, jambo la kawaida la umri, lina dawa yake. Lakini huenda si hilo tu, na saratani hii mara nyingi mwanzoni haina dalili yoyote. Ukifika miaka 45 au 50, zungumza na daktari kuhusu kipimo, hasa kama baba yako au ndugu yako wa damu aliwahi kuugua. Ikigundulika mapema, ingali mahali pake, mara nyingi inatibika. Yangu ilikuwa kati ya saba na kumi na moja. Mnaelewa ninachosema.

La tatu, uwe na watu wanaohesabu. Shemeji yangu alihesabu mara nilizosimama. Ndugu wa Rumonge alisikia sauti kwenye simu. Sisi tuna ushirika wa nchi nne, tuna kamati, tuna mihuri, tuna sare nzuri. Lakini swali langu ni hili: nani anajua wewe unaamka mara ngapi usiku?

Mwaka huu, mwezi wa tisa, tulikwenda tena. Nahodha ni yule yule. Nilikwenda kumwomba radhi kabla, nikampa fedha ya mafuta ya usiku ule wa 2024, akaikataa, nikaiacha kwa mama yake. Wanangu wawili walinivika sweta, wakanifunga boya kifuani, wakanyanyua, wakaniketisha juu ya godoro katikati ya mtumbwi kama mfalme. Na safari hii mke wangu alisema, "Aendako huyu naenda." Wavuvi wakatazamana. Nahodha akakuna kichwa, akasema, "Mama, panda."

Usiku ule ziwa lilitulia kama chai kwenye kikombe. Mimi sikupata hata samaki mmoja, mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Mwinjilisti alipata wawili. Mke wangu, ambaye hajawahi kushika mshipi tangu azaliwe, alivuta migebuka tisa! Tisa, wapendwa! Wavuvi wanasema sasa mwiko umebadilika, mtumbwi usio na mama haushuki. Alfajiri akachoma mwenyewe, akanitolea miiba kwa vidole vyake, akanilisha. Nikanyosha mikono. Sikuona aibu.

Mwakani sijui. Daktari hasemi, nami simlazimishi. Nikiwapo, nitakuwapo. Nisipokuwapo, ninyi mtashuka, mtahesabu mwezi, mtawasha taa, na mtagombana jina la samaki. Mshipi wangu nimeshampa mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja, nimemfundisha kufunga ndoano. Fundo lake bado baya. Atajifunza.

Naomba jambo moja kabla sijaondoka kitini hapa. Mtakaponiombea, na mniombee jamani, nahitaji, msiseme "tunashukuru amekwisha kupona." Semeni ukweli mbele za Bwana, yeye anajua. Semeni, huyu anaumwa, na ni wako. Hiyo inanitosha.